Orodha za Ubora wa Vyuo Vikuu na Swali Ambalo Haziwezi Kulijibu

Kwa miaka mingi magazeti ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam yamekuwa yakichapisha, kila ifikapo Januari na Julai, habari zinazofanana: orodha mpya ya ubora wa vyuo vikuu duniani imetoka, chuo fulani kimepanda, kingine kimeporomoka, na Makamu Mkuu wa kile kilichopanda amewapongeza wahadhiri wake. Orodha inayotajwa mara nyingi ni Webometrics, iliyoanzishwa mwaka 2004 na maabara moja ya Baraza la Taifa la Utafiti la Hispania. Mimi ni mhadhiri hapa Tanzania, na msimu huo ukifika wazazi, vijana waliomaliza kidato cha sita na hata ndugu zangu huniuliza kama chuo kilichoshika nafasi ya juu ndicho kinachofundisha vizuri zaidi. Huwajibu kwamba orodha hizo haziwezi kulijibu swali hilo, kwa sababu hazikuundwa ili kulijibu. Jibu hilo huwashangaza wengi, na wengine hudhani ninakitetea chuo changu, kwa hiyo nimeona niandike kwa kirefu.

Nianze na hiyo Webometrics, kwa kuwa ndiyo inayosomwa zaidi kwetu. Nusu ya alama zake imetengewa mwonekano wa chuo mtandaoni, yaani wingi wa tovuti nyingine zenye viungo vinavyowapeleka wasomaji kwenye tovuti ya chuo hicho. Sehemu iliyobaki hutokana hasa na mara ambazo kazi za wanazuoni wake zimenukuliwa katika Google Scholar, huduma ya Google ya kutafuta machapisho ya kitaaluma, pamoja na idadi ya makala zake zilizomo katika asilimia 10 ya makala zinazonukuliwa zaidi duniani. Walioibuni hawakuficha nia yao: walitaka kuvihimiza vyuo viweke kazi za kitaaluma wazi mtandaoni ili yeyote azisome. Hilo ni lengo jema na ninaliunga mkono, kwa sababu tasnifu nyingi za wanafunzi wetu zilikuwa zikiozea kwenye rafu ambazo hata wanafunzi waliofuata hawakuzifikia. Lakini gazeti likishaandika kwamba chuo fulani ni cha kwanza nchini, hakuna anayekumbuka kwamba kilichopimwa kwa sehemu kubwa ni tovuti. Nimeketi katika vikao ambavyo ajenda ya kupandisha nafasi ya chuo ilijadiliwa kwa bidii, na mapendekezo yakawa kwamba kila mhadhiri afungue akaunti ya Google Scholar, mada za mihadhara zipakiwe kwenye tovuti, na vitivo viache kutumia anwani zao tofauti. Hakuna pendekezo lililougusa ukumbi wa mihadhara ambamo wanafunzi wa mwaka wa kwanza husimama hadi mlangoni kwa kukosa viti.

Orodha iliyoyapa mashindano haya sura tunayoijua leo ilitoka Chuo Kikuu cha Jiao Tong cha Shanghai mwaka 2003, chini ya usimamizi wa Profesa Liu Niancai. Serikali ya China ilikuwa imeanza, mwaka 1998, mpango wa kuvijenga vyuo vyake vichache vifikie hadhi ya vyuo vya juu duniani, na wasomi wa Shanghai wakataka kujua umbali uliopo kati ya vyuo vyao na vile vya Marekani na Ulaya. Kwa kazi hiyo walihitaji takwimu ambazo mtu anaweza kuzikusanya akiwa mezani pake, bila kukitembelea chuo wala kukiomba chochote. Ndiyo sababu alama zao ziligawanywa hivi: asilimia 10 kwa wahitimu waliopata Tuzo ya Nobel au Nishani ya Fields ya hisabati, 20 kwa wahadhiri waliopata tuzo kama hizo, 20 kwa watafiti wanaonukuliwa sana, 20 kwa makala zilizochapishwa katika majarida ya Nature na Science, 20 kwa makala zilizoorodheshwa katika hazina kuu za majarida ya sayansi na sayansi ya jamii, na 10 za mwisho kwa kuzigawanya alama hizo kwa idadi ya wahadhiri. Ukivisoma vigezo hivyo kwa makini utaona kwamba mwanafunzi aliyeketi darasani leo hayumo. Yumo tu yule aliyekwisha kuhitimu na, pengine baada ya miaka thelathini ya kazi mahali pengine kabisa, akatunukiwa Nobel.

Tena si kila Nobel huhesabiwa. Katika kipengele cha wahadhiri tuzo zinazotambuliwa ni za fizikia, kemia, tiba na uchumi, pamoja na Nishani ya Fields. Tuzo ya fasihi haimo. Kwa hiyo Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyefundisha kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Kent nchini Uingereza, alipotunukiwa Nobel ya Fasihi mwaka 2021, aina hiyo ya kazi ya akili haikuwa na uzito wowote katika kipengele hicho.

Hapa ndipo jambo hili linaponigusa zaidi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ambayo asili yake ni kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 na ambayo iliingizwa katika chuo cha Dar es Salaam mwaka 1964, ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Sioni kazi nyingine ya chuo kikuu cha Afrika Mashariki iliyoingia katika mikono ya watu wa namna nyingi kiasi hicho: walimu, watangazaji, wafasiri, wahariri wa magazeti, wanafunzi wa sekondari, wageni wanaojifunza lugha. Hata hivyo, mwalimu wa Kigoma anapoifungua kamusi ili ahakikishe maana ya neno, hamnukuu mtu yeyote katika jarida. Hufunga kitabu na kuendelea na somo. Kwa hesabu za Shanghai na za wenzao, matumizi hayo hayajatokea. Hazina za majarida ambazo orodha hizi huzitegemea zimejaa majarida ya Kiingereza, na makala iliyoandikwa kwa Kiswahili ni nadra kuonekana humo, hata iwe na uzito gani kwa wasomaji wake. Mhadhiri kijana anayetaka kuandika juu ya fonolojia ya lahaja ya Kimakunduchi anajua kwamba akiiandika kwa Kiswahili, wale wanaoisema lahaja hiyo wataweza kuisoma, na chuo chake hakitapata alama hata moja. Akiiandika kwa Kiingereza na kuipeleka Ulaya, mambo hugeuka.

Hali ni hiyohiyo nje ya lugha. Mtafiti wa kilimo wa Morogoro anayekaa na wakulima misimu kadhaa ili kupunguza sumukuvu kwenye mahindi anaweza kuokoa maini ya watoto wengi bila kuongeza nukuu nyingi, kwa kuwa mkulima hulipa kazi hiyo kwa kubadilisha namna anavyokausha na kuhifadhi nafaka. Sisemi kwamba utafiti wa majarida hauna thamani, maana bila huo hata elimu ya sumukuvu isingekuwepo. Ninachokisema ni kwamba vyuo vyetu vilianzishwa kwa kodi za wakulima hao, na kipimo kisichoweza kuiona huduma wanayopewa kina upungufu ambao hauondolewi kwa kuongeza desimali.

Kundi la tatu la orodha ni zile zinazotegemea sifa. Mwaka 2004 gazeti la Times Higher Education na kampuni ya QS, zote za London, zilitoa orodha yao ya kwanza ya pamoja. Zikatengana mwaka 2009, na tangu hapo kila moja ina yake. Kwa miaka mingi QS ilitenga asilimia 40 ya alama kwa maoni ya wanazuoni, ambao huulizwa kwa dodoso wataje vyuo bora katika fani zao. Katika orodha iliyotoka mwaka 2023 sehemu hiyo ilipunguzwa hadi 30, na maoni ya waajiri yakaongezwa hadi 15. Shida ya njia hii ni kwamba anayeulizwa hawezi kukitaja chuo asichokijua, na chuo anachokijua mara nyingi ni kile alichokwisha kukiona juu ya orodha ya mwaka uliopita. Sifa inazaa nafasi, nafasi inazaa sifa, na chuo kipya cha Dodoma au Mbeya, hata kikiwa na walimu hodari, kitabaki nje ya mzunguko huo kwa muda mrefu sana.

Jinsi takwimu hizi zilivyo tete ilionekana mapema. Katika ile orodha ya kwanza ya 2004, Universiti Malaya ya Malaysia ilishika nafasi ya 89, na mabango ya kujivunia yakatundikwa. Mwaka uliofuata ikaanguka hadi nafasi ya 169. Chuoni hapakuwa pameharibika kitu. Ilibainika kwamba mara ya kwanza raia wa Malaysia wenye asili ya China na India walihesabiwa kuwa wageni, hivyo chuo kikapewa alama za kimataifa kisizostahili. Kosa liliposahihishwa, nafasi ikashuka, kukazuka mjadala mkali wa kisiasa, na lawama zikamwangukia Makamu Mkuu wa Chuo. Mwaka 2010 Times Higher Education ilikiweka Chuo Kikuu cha Alexandria cha Misri katika nafasi ya 147 duniani, na katika kipengele cha kunukuliwa kikawa cha nne, mbele ya Harvard na Stanford. Nukuu hizo zilitokana kwa kiasi kikubwa na mwanazuoni mmoja aliyekuwa amechapisha makala nyingi katika jarida ambalo mhariri wake alikuwa yeye mwenyewe.

Kisa ninachokiheshimu kuliko vyote kilitokea New York mwaka 2022. Michael Thaddeus, profesa wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Columbia, alizichunguza takwimu ambazo chuo chake kilizipeleka kwa U.S. News & World Report, waandaaji wa orodha maarufu ya Marekani, akaonyesha hadharani kwamba baadhi yake, zikiwemo za ukubwa wa madarasa, hazikulingana na kumbukumbu nyingine za chuo. Wakati huo Columbia kilikuwa cha pili kitaifa. Baadaye mwaka huohuo, takwimu zilipopitiwa upya, kikawa cha 18. Mtu huyo hakuwa mkaguzi wala adui wa chuo. Alikuwa mwalimu wa humohumo aliyeona kwamba hadhi iliyojengwa juu ya tarakimu zisizo za kweli haimfai mwanafunzi wala mwalimu. Ningependa kuuona moyo huo kwetu, nikijua fika kwamba mhadhiri wa mkataba katika chuo cha Afrika Mashariki angelazimika kufikiri mara nyingi kabla ya kuthubutu.

Kuna pia mambo ya hesabu tupu. Chuo Kikuu cha Paris-Saclay, kilichoundwa kwa kuunganisha taasisi kadhaa za Ufaransa, kiliingia orodha ya Shanghai ya 2020 moja kwa moja katika nafasi ya 14, kwa kuwa vigezo vingi vya orodha hiyo hupendelea ukubwa. Maabara na watafiti walikuwa walewale wa jana. Na kadiri unavyoshuka chini ya orodha, tofauti za alama kati ya chuo na chuo huwa ndogo mno, na ndiyo maana waandaaji wenyewe huacha kutaja nafasi kamili na kuweka makundi kama 601 hadi 800. Huko ndiko viliko vyuo vyetu vingi vinavyobahatika kuingia, na huko kupanda au kushuka nafasi mia moja kunaweza kusababishwa na mtafiti mmoja kuhamia chuo kingine.

Pamoja na hayo yote, siwezi kumwambia mtu azipuuze, kwa sababu wenye mamlaka hawazipuuzi. Mei 2022 Uingereza ilianzisha viza kwa wahitimu wenye vipaji, ikiwaruhusu kuingia nchini humo bila ya kuwa na ajira kwanza, mradi wawe wamehitimu katika chuo cha nje kilichomo katika nafasi 50 za juu za angalau orodha mbili kati ya tatu: Times Higher Education, QS na Shanghai. Hakuna chuo hata kimoja cha Afrika kilichokuwemo. Mhandisi aliyeongoza darasa lake Makerere, daktari aliyefundwa Muhimbili na mtaalamu wa programu za kompyuta kutoka Nairobi walifungiwa mlango huo bila ya mtu yeyote kuuliza wanajua nini, na mwenzao wa wastani wa Chuo Kikuu cha Harvard akafunguliwa. Orodha iliyobuniwa ili wasomi wa China wajue wamebaki nyuma kiasi gani sasa inaamua nani avuke mpaka. Hilo ni kosa, na nadhani wakuu wa vyuo vyetu wangepaswa kulisema kwa sauti kubwa kuliko ile wanayoitumia kutangaza kwamba wamepanda.

Vipo vyuo vilivyokwisha kukataa. Rhodes cha Afrika Kusini kimekuwa na msimamo wa kutoshiriki kwa muda mrefu. Utrecht cha Uholanzi kilikataa kupeleka takwimu zake kwa Times Higher Education mwaka 2023, na Zurich cha Uswisi kikafuata mwaka 2024. Ni rahisi zaidi kukataa ukiwa tayari unajulikana. Chuo kinachotafuta wafadhili na wanafunzi wa nje kwa shida hakina uhuru uleule, na sitaki kuvilaumu vyuo vyetu kwa woga huo. Wala si haki kusema kwamba orodha hazikutuletea chochote. Zimewalazimisha viongozi wa vyuo kutunza takwimu za tafiti, wahitimu na wahadhiri wao, na kuona kwamba kazi isiyopatikana mtandaoni ni kama haikufanywa. Mwaka 2023 Times Higher Education ilitoa orodha ya kwanza ya vyuo vya Afrika kusini mwa Sahara yenye vigezo tofauti: rasilimali na fedha, fursa na usawa, stadi za kufundisha, ushirikishwaji wa wanafunzi, na mchango kwa Afrika. Walau mwanafunzi ameingia kwenye hesabu.

Lakini kipimo ninachokiamini zaidi kimekuwa nasi tangu mwanzo. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi 13 wa sheria, kilikuwa chini ya ulezi wa Chuo Kikuu cha London, kama Makerere kabla yake, na shahada zilitolewa kwa jina la London. Ulezi huo ulikuwa na kasoro zake za kikoloni, lakini ulitufundisha jambo moja lenye manufaa: kazi ya mwanafunzi isomwe na mtu asiyemfahamu. Mfumo wa watahini wa nje umeendelea baada ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichodumu kuanzia 1963 hadi 1970, kugawanyika. Mpaka leo profesa wa Makerere, Nairobi au Zomba nchini Malawi huja chuoni kwetu, husoma maswali ya mitihani, huchukua hati za majibu za wanafunzi waliofaulu vizuri, wa kati na walioshindwa, hupitia tasnifu, kisha huandika ripoti. Nimezisoma ripoti hizo. Humo utaona iwapo maswali yanarudiwa kila mwaka, iwapo alama zinatolewa kwa ukarimu usio na sababu, iwapo wanafunzi wanaandika hoja au wanarudia maneno ya mhadhiri, iwapo vitabu vya kozi ni vya miaka ya tisini. Hakuna orodha ya London wala Shanghai inayojua lolote kati ya hayo. Baada ya kujadiliwa kwenye bodi ya mitihani, ripoti hufungiwa kabatini, na mzazi anayeuza shamba ili mwanawe asome hapati kuiona.

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania nayo hupima. Mwaka 2017 ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya baada ya ukaguzi wa ubora, hatua iliyoumiza lakini iliyotokana na watu kufika chuoni, kuhesabu wahadhiri na kufungua milango ya maabara. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, limekwisha kuandaa miongozo ya pamoja ya uthibiti ubora. Vyombo tunavyo, ila matokeo ya kazi yao hayamfikii mwananchi kwa namna ambayo atayatumia kuchagua, na pengo hilo ndilo linalojazwa na kichwa cha habari cha Januari.

Kijana anayeniomba ushauri sasa humwambia aulize mambo ambayo chuo kinaweza kuyajibu siku hiyohiyo. Kozi unayoitaka ina wahadhiri wangapi wa kudumu, na wangapi ni wa muda wanaokimbia kati ya vyuo vitatu? Semina ina wanafunzi wangapi? Insha hurudishwa ikiwa na maoni, au ni alama tu ubaoni mwishoni mwa muhula? Mafunzo kwa vitendo yanasimamiwa na nani, na msimamizi hufika au hupiga simu? Kati ya walioingia mwaka wa kwanza, wangapi walihitimu kwa wakati? Anayetaka shahada ya uzamili aulize hasa hili la mwisho, kwa sababu kozi ya miaka miwili inayomalizwa kwa miaka mitano, msimamizi akikaa na sura moja ya tasnifu kwa miezi, inamgharimu mwanafunzi ada, kazi na ujana wake, na hakuna kigezo cha kimataifa kitakachomwonya.

Takwimu hizo zipo. Ofisi ya msajili wa kila chuo inazo, kwa kuwa bila ya kujua nani aliingia lini na nani anatoka lini hakuna mahafali yanayoweza kuandaliwa. Tume ikiamua, inaweza kuvitaka vyuo vyote vizipeleke pamoja na muhtasari wa ripoti za watahini wa nje, na kuzichapisha kozi kwa kozi katika mwongozo wa udahili wa mwaka ujao, bila ya kukipa chuo chochote namba ya nafasi.